Beseni la Paulin Siku ya Neige

Kijiwe cha Brigitte ni benchi moja mbele ya kibanda chake na thermos mbili za kahawa. Saa tisa mchana ule Paulin alifika hapo na beseni tupu kwapani. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, na ndani ya friza kulikuwa na samaki wabichi wa Pweto, wa komunio ya kwanza ya bintiye Plamedie, kesho yake. Mkewe Constance alimtuma barafu. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo. Mara mbingu ikafunguka, zikamwagika punje nyeupe, ngumu na baridi, kwa dakika ishirini, nyingi ajabu. Paulin alijifunika beseni kichwani akakimbilia benchi. Zilipokoma, barabara ilikuwa nyeupe, miguu inazama hadi vifundoni, na yeye akabaki ameketi, beseni kichwani, maana mazungumzo yalikuwa yameshaanza.

— Iyi iko neige, theluji kabisa, alisema Mulenga, anayeitwa Baromètre kwa sababu hajawahi kupatia hali ya hewa hata siku moja.

— Haiko neige, Ba Mulenga, akajibu Nzanzu, mfanyabiashara kutoka Butembo, jina la kijiweni Pneu, yaani tairi. Neige mimi naijua. Kwetu mulima wa Ruwenzori iko mweupe toka zamani.

— Uliigusaka?

— Niliionaka.

— Ya mbali?

— Ya mbali, lakini muzuri.

Brigitte akacheka, akawamiminia kahawa.

— Basi mi nabaambia, alisema Mulenga. Mwaka huu baridi ya mwezi wa sita muliiona? Haikukuya. Ilichelewa mu njia. Njo iko nafika leo, yote pamoja.

— Hapana, akasema Nzanzu. Mizigo yangu ya kwetu ilifika asubui. Carton zilikuwa baridi, baridi. Ile baridi ilinifuata mimi.

Paulin alijua anatakiwa ainuke. Lakini wazo lilikuwa limemjia, tena zuri, na mtu haachi wazo zuri benchini likachukuliwa na Mulenga.

— Sikieni. Ndege ya Bulaya ilishuka ku kiwanja ya Luano. Kule iko neige kila siku. Bantu balifungua mulango, neige ikatoka na bo.

— Na visa ilipata wapi? akauliza Mulenga.

— Iko natoka kule, visa ya nini?

Wakabishana visa hadi jua likarudi. Brigitte aliinamisha thermos ya pili, yakadondoka matone mawili.

— Kahawa imeisha, ba papa.

Hapo akapita Mama Christiane, katekista wa parokia, kandambili zikichapa maji. Aliwasalimu wote, kisha akamtazama Paulin kichwani.

— Baba Plamedie, iyi bassin ulikuya nayo ya kufanya nini?

Paulin alilivua beseni taratibu. Barabara ilikuwa tope tupu, weupe wote umeyeyuka. Akilini aliwaona samaki, akauona uso wa Constance, na aibu ikamshika hadi masikioni.

— Nyuma ya kibanda, ku kivuli, neige iko bado, alisema Brigitte.

Hawakungoja kuambiwa mara mbili. Walipiga magoti wote watano, wakizoa kwa vikombe, kwa vifuniko vya thermos, Christiane kwa kandambili yake. Beseni likajaa pomoni. Nzanzu alishika huku, Mulenga huku, na Paulin akatangulia kufungua njia, moyo mweupe, akiwaza samaki wa mwanawe.

Nyuma yao akafuata Mama Christiane, kandambili moja mguuni, moja mkononi.