Bi Muhuri na Barua Elfu Nne za Dereva Mmoja

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, binti yake wa pili, niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye kazini mlimwita Bi Muhuri, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne wa fundi vyuma na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, sekondari hadi 1981, kisha chuo cha uhazili, na tarehe 1 Februari 1984 akaajiriwa masijala ya bunge, kwenye dirisha la kupokelea nyaraka, ambako hakuna karatasi iliyopita bila yeye kugonga muhuri, kuandika saa, na kumtaka aliyeileta aandike jina lake na anakotoka.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa mashine za kuchapia, ambaye barua yake ya posa ina muhuri wa kupokelewa, saa nne na robo asubuhi, maana aliikabidhi palepale dirishani na mama hakuona sababu ya kumpendelea. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1989, 1992 na 1996.

Jumatatu tarehe 9 Mei 2022, kamati ikijadili muswada wa mtandao, wenye kifungu cha kuiruhusu kampuni ya simu kumfungia mwananchi laini na kutoa jumbe zake bila amri ya mahakama, ziliingia barua elfu nne za wananchi wakikiunga mkono kifungu hicho, zote ndani ya maboksi matatu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mikononi mwa dereva mmoja wa kampuni hiyohiyo, ambaye alipopewa daftari aliandika jina lake na la mwajiri wake bila kusita, kwa kuwa waliomtuma walikumbuka kila kitu isipokuwa kumwambia adanganye. Mwenyekiti wa kamati alishuka mwenyewe hadi dirishani akamwambia, Bi Muhuri, habari za dereva achana nazo, andika tu wananchi, naye akamjibu, mheshimiwa, wananchi sijawaona, nimemwona dereva. Kesho yake alihamishiwa stoo ya karatasi, akabaki huko hadi kustaafu tarehe 14 Machi 2024, muswada ukapita, na jirani yetu muuguzi akafungiwa laini wiki sita kwa kuandika kwamba wodi yao haina glavu. Muuguzi huyo alikwenda mahakamani kukipinga kifungu hicho, na shahidi wake akawa mama.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2024. Alhamisi tarehe 22 Mei mwaka huu wa 2025, akiwa amelazwa, aliomba ruhusa ya saa mbili, tukamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi masijala ya mahakama, akaapa kwa maandishi kuhusu ukurasa ule wa daftari, akakataa kuondoka mpaka kiapo kigongwe muhuri. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni, saa saba mchana, siku ishirini kabla ya tarehe iliyopangwa kesi kusikilizwa.

Jana maofisa wawili wa kampuni walituletea shada la maua na historia ya mama ikiwa imeshachapwa, safi kabisa, ila mwaka 2022 haumo, wakatukumbusha kwa upole kwamba mdogo wetu wa mwisho ameajiriwa kwao na mkataba wake unaisha mwezi huu. Tuligombana, sifichi, niliogopa na bado naogopa, na ni huyo mdogo wetu aliyesema mama asomwe mzima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika na kulala nasi, wenzake wa masijala, na yule dereva, ambaye yumo humu na sitasema amekaa wapi.

Kwa desturi yake mama, karatasi ya kampuni ilipokelewa jana saa tisa alasiri, imeletwa na watu wawili waliokataa kuandika majina yao. Hii niliyoisoma imeletwa leo saa nne asubuhi, na wanawe watatu, majina yetu yako chini. Mama, pumzika sasa kwa amani.