Mfuko wa Nguo za Picha

Risala ya wafanyakazi wa makao ya vijana wasio na nyumba, siku ya kufungua chumba cha kufulia

Mgeni rasmi, mama yetu uliye mkurugenzi wa kampuni iliyotununulia mashine, mwenyekiti wetu, majirani mnaotuvumilia kelele, na ninyi vijana, wenye nyumba hii:

Karibuni sana. Viti vya mbele tumeviazima, vya nyuma ni vyetu, na aliyekalia kile chenye mguu uliofungwa waya asiegemee. Risala hii inasomwa na dada yetu wa mawasiliano. Tumekubaliana aisome yeye kwa sababu inamhusu, ila ameomba tumtaje kama mtu mwingine, maana akisema "mimi" sauti itamkatika.

HISTORIA YETU

Tulianza na vitanda sita kwenye ghala la zamani la rangi, na hata leo mvua ikinyesha kuta hunuka rangi. Sasa vijana arobaini na mmoja wanalala hapa, wanasoma na kutafuta kazi. Dada alikuja mwaka wa tatu, aandike jarida letu na barua za kuomba misaada. Kabla yake tuliandika barua hadi vidole vikaota sugu, na majibu hatukuyaona.

MAFANIKIO

Ni yeye aliyegundua kwamba picha huomba vizuri kuliko barua. Mwanzoni alipiga picha za kweli: vijana wanapika, wanataniana, mmoja kashika cheti. Hazikuleta kitu. Mfadhili mmoja akamjibu, "Hawa mbona wanaonekana wazima?"

Ndipo akatafuta mfuko. Ndani yake alitia shati lililopasuka begani, suruali yenye tope na gauni lililopauka, nguo ambazo vijana walizivua siku walipofika. Mfuko ukakaa chini ya meza yake, na amri ikatoka kwamba zisifuliwe. Kijana akishaoga, akishashiba, akishavaa nguo safi, anaitwa azivae zile kwa dakika mbili.

Siku moja mama wa kufua aliukuta mfuko huo. Akazifua nguo zote na kuzipiga pasi.

"Mwanangu," akamwambia dada, uso umemchanua, "ulikuwa umefuga uchafu wa kutisha pale chini. Nimekusitiri."

Dada akaja juu. "Mama, umeniharibia kazi!"

Akazichukua akaenda kuzisugua kwenye udongo nyuma ya jiko. Sisi wengine tulikuwa dirishani na vikombe vyetu vya chai, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mgeni rasmi, tunalisema bila kupindisha: tulicheka, kisha tukapokea mishahara iliyoletwa na picha hizo. Aibu hii si ya dada peke yake.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo risala nyingi hutaja paa linalovuja. Linavuja kweli. Lakini changamoto yetu kubwa iko ukutani kwako.

Miaka minne iliyopita tulikuletea picha ya binti aliyekaa juu ya boksi, amevaa lile gauni, machozi yanamtiririka. Ilikugusa. Ukaikuza, ukaitundika kwenye ukumbi wa mapokezi, na tangu siku hiyo hujatutupa mkono.

Binti huyo alikuwa ameshakaa kwetu miezi mitano. Asubuhi ile alikuwa ametoka kusukwa, na dada alimwomba afumue nywele. Alipopewa gauni alisema, "Dada, mimi nimeshaoga. Kwani nikiwa msafi hawatasaidia?"

"Vumilia kidogo, mdogo wangu," dada akamjibu. "Ni kwa ajili ya wenzako."

Akafumua. Machozi unayoyaona kwenye picha hayakuwa ya njaa.

Mwezi uliopita binti huyo, sasa mwanamke mwenye cheti cha ukarani, aliitwa kwenye usaili katika kampuni yako. Alikuwa wa nne kwenye orodha. Akaketi mapokezi, akainua macho, akajiona. Mtu aliyekaa kando yake akaitazama picha na kusema, "Maskini, sijui kama bado yuko hai."

Binti akachukua bahasha yake akatoka. Alikuja moja kwa moja ofisini kwa dada na hakumpigia kelele. Alisema tu, "Nilikuwa nimepiga pasi, dada." Toka siku hiyo dada hajashika kamera, na sisi tunapishana naye koridoni tukitazama chini.

MAOMBI

Tunajua tunachokihatarisha. Unaweza kuondoka hapa na usirudi tena, nasi hatutakuwa na la kujitetea. Tunakusihi ukumbuke kwamba vijana hawa hawakukudanganya. Tulikudanganya sisi.

Ombi letu la kwanza ni kwamba picha ile ishushwe. La pili ni kwamba aitwe tena kwenye usaili. Hatuombi apewe kazi, tunaomba asikilizwe. Tulimsomea risala hii kabla yako, kwa kuwa safari hii tulitaka ruhusa yake. Alifuta jina lake. Akafuta pia neno "jasiri" tulilomwandikia, akasema, "Andikeni tu kwamba nachapa haraka na sichelewi." Basi tunaandika: anachapa haraka, na hachelewi.

Sasa tunakukaribisha ufungue chumba. Mashine ya karibu na mlango imeshajazwa, na mama wa kufua ameshatia sabuni. Zilizomo ni nguo za mfuko ule. Kitufe ni cha kijani. Ukiona huwezi kukibonyeza, tutaelewa, na mama atazifua kwa mkono leo hii.

Mungu akupe afya na moyo mwepesi, awape vijana hawa milango iliyo wazi, na awakinge na watu wenye nia njema kama sisi.

Ni sisi wafanyakazi wa makao, tuliokuwa dirishani.