Maji ya Fundi Tone

Ndugu waombolezaji, baba huyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akajifunza ufundi bomba, na Januari 1987 akaajiriwa idara ya maji, ambako wenzake walimwita Fundi Tone, kwa sababu hata akienda ugenini, bomba likivuja, hakutia chakula kinywani kabla ya kulibana.

Alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea tarehe 9 Septemba 1995, wakajaliwa watoto wawili, na wa pili, anayewasomea, ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, akiwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni, tangu figo za baba ziliposhindwa kazi Mei 2019.

Mara mbili kwa wiki alilala kwenye mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne, maji yake ya kunywa yakipimwa kwa kikombe, huku nje ya dirisha akisikia maji mengi yakimwagika mtaroni, hadi fundi wa mashine akamweleza kwamba mtambo unaochuja maji ya kutumia kwenye mashine huyatupa hayo yanayobaki kabla hayajamgusa mgonjwa yeyote, na uani dobi wa hospitali alikuwa akibeba ndoo kutoka kisimani. Februari 2022, kwa ruhusa ya daktari, akalaza bomba la kupeleka maji hayo hadi kwenye tangi la dobi, akipumzika kila baada ya hatua tatu. Watu wakayasusia, wakisema ni maji ya damu za wagonjwa, naye baba akalifua shati lake jeupe kwa maji hayo, akalivaa, akawatania, "Mkiliona doa, msinizike nalo." Dobi peke yake alicheka, akachota. Juni mwaka huu malalamiko yakazidi, bomba likazibwa, akarudi nyumbani akageukia ukuta, wala hakuuliza tena habari za maji.

Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2024, saa tatu asubuhi, mabomba ya wodi yakiwa yamekauka, wauguzi wakazunguka na beseni tupu wakitafuta maji ya kumwosha, na mtaroni maji yale ya mtambo yalikuwa yanapita.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi aliyekuwa akimlowanisha midomo kwa kitambaa, jirani aliyembembeleza mjukuu wake, wafanyakazi wenzake waliochimba naye mfereji wa kulaza bomba lile, na dobi, aliyelipiga pasi shati jeupe alilovaa baba leo. Halina doa. Bomba bado limezibwa, na hatuna la kumwahidi.

Lala, baba, upumzike kwa amani.