Dk. Athanasi Mahona na Mguu wa Maksai

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani wa Mkula, mimi ni Eufrasia, dada yake marehemu, ukoo umenituma nisome maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, hata pale panapouma.

Ndugu yetu Dk. Athanasi Mahona alizaliwa hapa Mkula tarehe 14 Mei 1955, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari Mwanza, kisha Morogoro alikohitimu udaktari wa mifugo mwaka 1981, na mwaka huohuo akaajiriwa katika maabara ya utafiti wa mifugo. Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na Klementina mjini Bariadi, wakajaliwa watoto wawili, Elia na Apolonia.

Kazi aliyoipenda ilikuwa mishipa ya fahamu, ile inayoupa mguu nguvu ya kukanyaga, naye aliamini kwamba mshipa ulioharibika unaweza kuungwa kwa chembe hai zilizotolewa kwenye mshipa mwingine wa mnyama yuleyule, zikakuzwa kwenye chupa, kisha zikapandikizwa penye jeraha. Juni 1994, serikali ilipopunguza wafanyakazi, maabara ilitiwa kufuli, akarudi nyumbani na darubini moja, akakuta mabwana mifugo wameondolewa, dawa zinauzwa gulioni Lamadi kama karanga, na kila mfugaji anachoma sindano mwenyewe. Ndivyo alivyoharibika maksai wake wa kulimia mwaka 1996, alichomwa sindano hapa nyumbani na mikono isiyojua, nyuma ya paja, palepale mshipa unapopita, mguu wa kushoto ukawa unaburuzwa.

Athanasi alikuza chembe hizo ndani ya mashine ya kuangulia vifaranga, kwa joto la taa ya mafuta, chupa zikaoza moja baada ya nyingine, watu wakamcheka, wengine wakamwita mchawi, hadi Machi 1997 chupa moja ilipopona, akampasua maksai, Klementina akishika kamba, akapandikiza zile chembe na kuushona mshipa kwa uzi wa buluu.

Agosti figo zilimwangusha, akalazwa Mwanza, na kila mgeni kutoka nyumbani alimwuliza jambo moja tu, kama maksai anakanyaga, nasi tulimjibu kuwa bado, maana hakuna aliyekwenda zizini kumtazama. Alifariki tarehe 9 Novemba 1997.

Jana, kabla gari la maiti halijafika, baba mdogo Maige aliagiza kitoweo cha msiba, na kwa desturi yetu maksai asiyeweza kulima ndiye anayetangulia kuchinjwa, akachinjwa maksai yule. Masunga aliyemchuna alipopasua paja aliukuta uzi wa buluu, mshipa umeungana, mweupe, mzima, ndipo akakumbuka kwamba mnyama alitoka zizini kwato zote nne zikikanyaga. Baba mdogo, sikulaumu, ila moyo wangu unawaka, ushahidi pekee wa kazi ya kaka yangu tumeugawa kwenye sahani. Kipande cha mshipa Klementina amekiosha, akakiweka ndani ya jeneza, kwa kuwa hakuna tena maabara ya kukipeleka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliobeba kuni na maji katika mvua hii, nanyi wenzake wa kazini, ambao kufuli la maabara liliwatawanya na leo mmekusanyika kwake.

Kaka, ulituuliza, tukakujibu pasipo kutazama. Alikuwa anakanyaga. Pumzika kwa amani.