Ile Saison ya Coach Syauswa Yenye Munataka Turuke

Bapapa, bamama, bandugu ya Butembo na bale benye kutoka Beni na Lubero, ninabasalimia bote katika jina ya Bwana, na ninaomba tunyamaze kidogo, hata bale bapapa ya kule nyuma chini ya hema ya bâche, benye kubishana tangu asubui kama Coach alichukuaka championnat tatu ao ine, muache kwanza, jibu iko humu mu karatasi, itakuya ku saa yake. Mimi ni Berthe, yaya ya marehemu, dada yake mukubwa, familia njo imenituma nisome historia yake, na nitasoma pole pole, juu nilijifunza kusoma nikiwa mutu muzima, ku alphabétisation ya paroisse, na hii karatasi niliiandika mimi mwenyewe, hakuna mutu alinishikia mukono, donc nikikawia ku neno moya munivumilie, nitalivuka.

Mbele ya kuanza niseme kitu moya. Jana Papa Nzanzu, président ya committee ya basupporters ya Radi, équipe ya mupira ya institut yetu, masomo yetu ya secondaire, alikuya ku nyumba, akakaa vizuri, akakunywa chai, akaniambia, «Mama Berthe, mukifika ku saison ya 2000-2001 muruke, tusizike mutu na haya yake, tumuhurumie.» Nilimujibu kwamba nitafikiri. Nimefikiri, na nitaisoma yote.

Syauswa Laurent alizaliwa siku ya yenga, siku ya misa, tarehe 14 ya mwezi ya nane, mwaka 1955, kule Lubero, baba yake ni Kasika, mama yake ni Solange, bote bawili balimaji ya viazi na maharagi, na yee alikuwa mutoto wabo wa pili nyuma yangu, nilimubeba ku mugongo nikiwa mimi mwenyewe ningali mudogo. Mu depot ya baba alikuwa anapiga viazi na muguu mupaka inapasuka, akachapwa sana juu ya ile, na haikusaidia.

Alianza primaire mwaka 1961 ku mission ya Lubero, masomo ikakatika mwaka 1964 juu ya vita ya ile wakati, tukakimbilia mu mashamba, kisha akarudilia, akamaliza mwaka 1968, akashuka huku Butembo kwa secondaire, akapata diplôme d'État mwaka 1975, na humo mu secondaire njo alikuwa anachezea kushoto, bale benye balimuona beko hapa, banaweza kusema vile alikuwa anapita batu.

Mwaka ile ile ya 1975 alitumwa kufundisha ku Mangina, akafundisha kule miaka saba, na mwaka 1982 institut yetu ikamuita awe mwalimu ya gymnastique na coach ya Radi. Ile wakati Radi ilikuwa équipe ya kuchekwa, bachezaji bawili balikuwa banagawana jozi moya ya viatu, moya anavaa ya kuume, mwenzake ya kushoto. Na ile équipe Laurent alichukua championnat ya ba-institut mwaka 1986, mwaka 1989, mwaka 1990 na mwaka 1994. Ni ine. Bapapa ya kule nyuma, ni ine.

Alioa siku ya posho, kesho yake ni yenga, tarehe 12 ya mwezi ya saba, mwaka 1980, ku paroisse ya Mangina, akamuoa Élise, mwenye kukaa hapa pembeni ya sanduku, mbuzi ya mahari ilitoka Lubero na miguu, na Mungu akabapatia batoto batatu, Mardochée mwaka 1981, Séphora mwaka 1984, na Sagesse mwaka 1988.

Vita ya kwanza ilitufikia mwaka 1996, ya pili mwaka 1998, masomo ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, balimu balikuwa banaishi na kile bazazi balileta, na Laurent hakuacha kazi hata siku moya. Na hapo sasa tunafika ku ile saison.

Ilianza vizuri. Siku ya yenga, tarehe 26 ya mwezi ya kumi na moya, mwaka 2000, Radi ilipanda Beni, ikapiga équipe ya kule ine kwa moya, na but tatu ya ile ine zilikuwa ya Muyisa, namba tisa yetu, mutoto ya miaka kumi na saba. Pembeni ya ligne, ku mupaka ya terrain, balikuwa bamekaa batu ya bunduki, ya kundi gani sitasema, balitoa viti mu bar bakakaa kama bakubwa, bakapiga mikono kupita hata basupporters yetu. Nyuma ya match mukubwa wabo alimuita Laurent, akamupongeza, akamuuliza ule mutoto ya namba tisa anasomea wapi, na Laurent akamujibu, juu alizani ni mutu ya kupenda mupira.

Nyuma ya siku mbili, tarehe 28, gari ilisimama mbele ya institut. Habakuuliza jina. Balisema tu, «Mutuletee namba tisa.» Bakamubeba na uniforme yake ya masomo, na mupaka leo mama yake hajapata hata habari ya kaburi.

Laurent alitafuta ile gari mupaka Beni, mupaka Mabalako, akarudi mikono mitupu, akaenda kwa mama ya Muyisa, akapiga magoti, akamuambia, «Mama, ni kinywa yangu njo ilibaonyesha mutoto yako.» Kisha akakuya ku nyumba, akatuambia mimi na Élise, «Bale batu hapana kuangalia mupira, banaangalia miguu yenye iko na nguvu, na kila yenga mimi ninabatandikia soko.»

Tangu pale alibadilisha mazoezi. Alikuwa anaita mutoto moya moya kando, anamufundisha namna ya kukawia kufika ku mupira, namna ya kuanguka na kushika mugoti, anamuambia, «Ukiona bunduki ku ligne, mbio yako ubakize nyumbani.» Bale ya mbio zaidi alibaweka ku banc, bakae kando basicheze, na bandage ku mugoti yenye haikuwa na kidonda. Na alibakataza kusema hata kwa bazazi, juu mutu akisikia kitu kama ile hawezi kukaa nayo, ataisema mu soko, na batu ya bunduki nabo banazungukaka mu soko ile ile.

Donc Radi ikaanza kupigwa. Bale ya Lubero balitupiga tatu, bale ya Mangina mbili, na ninyi basupporters munajua vile mulisema, juu mulisema na sauti kubwa. Mulikuwa munakaa kila yenga pale kwa kasiksi, kwenye banauzisha pombe ya ndizi karibu na terrain, munamupima Laurent kama nyama ku kilo. Moya anasema, «Coach amezeeka, tactique yake ni ya wakati ya Mobutu.» Mwingine anasema, «Hapana, amekula feza ya batu ya Beni, hamuone bibi yake iko na kikwembe mupya?» Ile kikwembe, bandugu, ni mimi nilimupatia Élise. Mwingine anasema, «Championnat ine, ine, mais na ile génération hata mama mukwe yangu angechukua.» Na mwingine anasema shida ni munganga, équipe ilichanga ikanunua kuku mweusi, ikamupatia Coach apeleke, na Coach akaipika. Ya kuku ni kweli. Tuliikula na sombe.

Papa Nzanzu njo alikuwa na kasirani kupita bote, juu mutoto yake Malachie, mwenye mbio kupita batoto bote ya Butembo, alikaa ku banc saison muzima. Papa alikuwa anasimama nyuma ya banc, anaita, «Ee Coach, huyu mutoto nilimuzaa akimbie, wee unamuotesha kama muhogo?» Batu banacheka, Laurent anaangalia mbele, na ku ligne ya pili bale ya viti nabo banacheka, kisha banasimama mbele ya match kuisha, banaenda kutafuta terrain ingine. Kila mara balienda mbele ya match kuisha, Laurent alirudi nyumbani akakula vizuri.

Match ya mwisho ilikuwa hapa hapa Butembo, siku ya yenga, tarehe 20 ya mwezi ya tano, mwaka 2001, Radi ilikuwa inaomba tu match nulle, kutoka sawa sawa, isishuke division. Bale ya viti balikuya bengi kupita siku zote. Ku mi-temps, saa ya mapumuziko, tulikuwa tumeisha kupigwa mbili. Malachie alitosha bandage yeye mwenyewe, akalia, akasema, «Coach, dakika kumi tu, baba yangu iko ananiangalia,» na Laurent akamukamata na shati, akamukalisha chini na nguvu, terrain muzima ikaona. Bakatupiga tano kwa zéro. Radi ikashuka, mara ya kwanza tangu izaliwe. Mukamutupia matope, mutu moya akamutemea mate ku viatu, ule mutu anajijua, na committee ikatangaza kwamba Syauswa asikanyage tena ku terrain. Akatoshwa kuwa coach, akabaki mwalimu ya gymnastique, na kila siku akienda ku kazi alizunguka na njia ya chini ili asipite pale kwa kasiksi.

Sasa musikie yenye hamukutia mu hesabu yenu. Équipe yenye ilichukua coupe, kombe ya championnat, mwaka ile ilipoteza batoto yake sita mbele ya vacances, coupe iko mu bureau yabo mupaka leo, bale sita hapana. Kwetu nyuma ya Muyisa hakuna mutoto mwingine alibebwa, hata moya.

Mutaniuliza juu ya nini hakusema. Alisema. Mwaka 2002, mwezi ya sita, alienda pale kwa kasiksi, akakaa katikati yenu, akaelezea yote, na Papa Nzanzu alimujibu, «Ah, donc ni basoda na bunduki yabo njo balitupiga tano kwa zéro?» Mukacheka mupaka bengine bakamwanga pombe. Batoto balikuwa bangali na woga, hakuna moya alisimama kusema ni kweli. Laurent alirudi ku nyumba, akatosha viatu, akalala, hakulisema tena kwa mutu. Leo mimi ninalisema, juu bale batoto bamekomaa, na mwenye kutaka kunibeba anibebe, hii miguu yangu haina soko.

Ugonjwa yake ilianza mwezi ya pili mwaka huu ya 2003, tension ilipanda, akaanguka mu classe mbele ya banafunzi, upande ya kushoto yote ikakufa, ule upande alikuwa anachezea. Alilazwa ku hôpital, dawa ingine ilikosekana juu barabara ilifungwa, akarudishwa ku nyumba, na siku ya ine, tarehe 8 ya mwezi ya tano, mwaka 2003, saa tatu ya asubui, akakata roho, Élise akimushika mukono, akiwa na miaka makumi ine na saba.

Familia inashukuru docteur na ba-infirmières, balifanya na kile balikuwa nacho. Inashukuru majirani ya avenue yetu benye kuleta kuni na maji, balimu benzake benye kuchanga ingawa mushahara haiko, na padri. Inashukuru sana mama ya Muyisa, yee njo alifika wa kwanza ku hii kilio, yee mwenye alikuwa na sababu ya kutokuya, wasingya, asante, mama. Committee ya basupporters, tuliongea mu familia, tukatafuta kitu ya kubashukuru, hatukuona.

Ninamalizia hapa, juu saa ya makaburi imefika na mimi ninaenda mbele ya sanduku. Tukisha kuzika nitarudi hapa hapa chini ya bâche, nitakaa mupaka tutoshe matanga, na mwenye iko na swali juu ya ile saison akuye anikute, nitamusomea tena. Kubeba, committee ilisema itabeba yee. Hapana. Batabeba bachezaji ya mwaka 2001, bote beko hapa, bote beko na miguu yabo mbili. Papa Nzanzu, wee kaa nyuma kidogo, umuangalie mutoto yako vile anatembea.

Laurent, mutoto ya mama, umechoka, pumuzika sasa na utulivu. Malachie, shika mbele ku kuume. Munyanyue.