Papa Ambroise Anastaafu, Profesa Hakupatikana

Tarehe 27 Juni 2025, Papa Ambroise Kilufya, fundi wa maabara ya fizikia, anakamilisha miaka thelathini na minne na miezi minane ya kazi katika fakilte yetu ya sayansi hapa Likasi. Mkuu wa fakilte aliniomba mimi, Blandine, katibu wake, niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe. Alisema niandike kitu cha kufurahisha. Nimejaribu.

Papa Ambroise ni mzaliwa wa Kapolowe. Umeme alijifunza Mulungwishi, na alipoajiriwa kwetu mwezi wa Oktoba 1990 kazi yake ilikuwa kubadilisha taa. Siku moja Profesa Floribert, aliyekuwa peke yake katika kufundisha majaribio ya chembe ndogo kuliko atomu, alimkuta amefungua chombo cha kupimia kilichoharibika na anakitengeneza kwa waya wa baiskeli. Chombo kiliwaka. Tangu siku hiyo taa zetu zilikosa fundi.

Wawili hao walifunga mashine nne ndani ya handaki la mgodi wa zamani, nje ya mji. Wasiojua waelewe hivi: kuna chembe zinazoshuka kutoka angani usiku na mchana, zinapenya paa, mwili na hata mwamba. Mwamba huzuia zilizo dhaifu, kama chekeche linavyozuia pumba, na zenye nguvu hufika chini, mashine ikazihesabu. Papa Ambroise aliziita wageni. Alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba ni wageni wazuri sana, maana wanaingia bila hodi, hawali wala hawalali.

Alikwenda handakini kwa baiskeli kila asubuhi, mvua au vumbi. Hakuna aliyeingia bila kofia ya mgodini. Mkubwa mmoja wa jimbo alikataa kuivaa kwa sababu ya nywele zake. Papa Ambroise alisimama mlangoni, akawasha kiko chake, akangoja. Dakika arobaini baadaye mkubwa aliivaa, na msafara wake wote ukavaa.

Profesa Floribert alifariki mwaka 2019, na kiti chake kikabaki wazi. Idara bila profesa haiishi muda mrefu. Kila Januari tulituma maombi Kinshasa ili nafasi itangazwe tena, na maombi hayo yalidai ripoti ya hali ya maabara yenye sahihi ya fundi. Bila ripoti hakuna nafasi.

Ripoti niliipiga mimi. Mwaka 2020 niliandika kwamba mashine nne zinafanya kazi, na ilikuwa kweli. Baada ya hapo nilichukua ripoti ya mwaka uliopita, nikabadilisha tarehe, nikampelekea. Alisaini akiwa amesimama, kofia kwapani, bila kusoma, kwa sababu aliniamini. Mvua za mwisho wa 2020 ziliingia handakini zikaua mashine mbili. Ya tatu iliungua mwaka uliofuata, umeme uliporudi kwa kishindo. Kila mara alikuja kuniarifu, nami nilimjibu kwamba tutaandika. Karatasi iliendelea kusema nne.

Mtu wa kwanza kukubali nafasi alichukuliwa na kampuni ya kobalti kabla hajapanga mizigo. Wa pili alitoka Kinshasa na viatu vyeupe. Alipotoka handakini alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka magotini, akaulizia njia ya kwenye taxi-bus za Lubumbashi. Tulivicheka viatu vile muda mrefu. Sikumwambia mtu kwamba alipita ofisini kwangu akasema ripoti yetu haisemi kweli, nami nikamjibu kwamba bado hajaizoea Katanga.

Mwaka huu tulimpata Josée. Huyu ni mtoto wetu, msichana wa kwanza kufundishwa na Papa Ambroise ndani ya handaki. Ana udaktari, yuko kwenye maabara kubwa Ulaya, na alikuwa tayari kuacha kazi arudi na watoto wake wawili. Wanafunzi tisa wa mwaka wa tatu walimngojea, maana Kinshasa ilikuwa imetuonya kwamba huu ni mwaka wa mwisho. Arsène, msemaji wao, alishaandika jina la Josée kwa rangi kwenye mlango wa ofisi ya marehemu.

Nilimpelekea Papa Ambroise ripoti kama kawaida. Aliona jina la Josée juu ya faili. Aliweka kofia mezani, akaniomba miwani yangu, akaketi, akasoma kwa mara ya kwanza.

“Mama Blandine, mashine ine? Kule iko moya tu inatumika.”

Nilimwambia ni karatasi tu, akishafika atazoea.

“Ule mutoto ataacha kazi yake juu ya karatasi? Minye sisaini bongo. Akuye akijua, ao asikuye.”

Mkuu naye, aliposikia mzee amekataa kusaini uongo, alimwita. Alimkumbusha wale tisa, na kwamba maabara aliyoijenga kwa mikono yake ingekufa miezi michache kabla hajaondoka. Papa Ambroise alilia mbele yetu. Hata kwenye mazishi ya Profesa Floribert sikumwona akilia. Halafu aliomba karatasi safi, akaandika kwa mkono kwamba mashine moja ni nzima na tatu zimekufa, akasaini. Aliipiga picha kwa simu, akamtumia Josée.

Josée alipiga simu siku ya nne. Papa aliiweka mezani kwangu ili nisikie.

“Papa, aksanti kunieleza. Nilitaka sana. Lakini siwezi kuya na batoto juu ya mashine moya.”

“Ni sawa, mwana. Bakia muzuri.”

Barua ya kufuta nafasi ilifika Mei. Idara inafungwa Oktoba. Baadhi ya wale wanafunzi tisa watahamia kemia, na wengine wamesema watarudi nyumbani. Arsène alilikwangua lile jina mlangoni kwa kisu, na akikutana na Papa Ambroise hamsalimu. Sitamlaumu kijana huyo, maana mimi mwenyewe nilimkasirikia mzee majuma mengi, nikimsalimia kwa mdomo tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilichukua miaka, na aliyelipishwa mwishoni ni mtu asiyesema uongo.

Katika wasifu wa kila mstaafu wa fakilte hii kuna sentensi moja: ameacha kazi katika hali nzuri. Nimeinakili kwa wastaafu kumi na wawili, na jana Mkuu alinikumbusha nisiisahau. Sikuisahau. Papa Ambroise anaacha mashine moja inayohesabu wageni wake, na kuanzia Julai hakuna wa kusoma hesabu hizo, kwa sababu handaki litafungwa kwa kufuli.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi, hata wale wasiomsalimu bado, tunamshukuru. Tunamshukuru pia mke wake, Mama Émérence, aliyefua vumbi la handaki miaka yote hiyo. Mungu awape huko Kapolowe wanakorudi mvua kwa wakati wake, mahindi ya kutosha na usingizi mzuri.

Papa Ambroise, jina lako nililiweka chini ya uongo mara nne, na nilijua. Nisamehe.