Verlin Haugstad na Safu ya Tatu ya Maganda

Marehemu Verlin Torvald Haugstad alizaliwa tarehe 9 Novemba 1939 katika shamba la ngano karibu na Denton, Montana, mtoto wa tatu wa Torvald na Inga Haugstad. Alibatizwa katika kanisa hili hili la Kilutheri. Mama yake alikuwa akisema kwamba hakulia alipomwagiwa maji, alimkazia tu mchungaji macho kana kwamba anamkagua kazi yake.

Alisoma shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane, kisha akamaliza sekondari Lewistown mwezi Mei 1957. Hesabu aliiweza, kuimba hakuweza, na jambo hilo la pili halikumzuia kuimba. Tangu mwaka huo hadi 2004 alitengeneza mashine za kuvunia ngano katika gereji moja mjini. Wakulima walimpenda kwa sababu alikuwa hasemi uongo kuhusu mashine. Ikiwa imekufa, alisema imekufa.

Tarehe 16 Juni 1962 alimwoa Arlys Bergum. Mwezi mmoja baadaye Arlys alimkuta bandani akiyeyusha madini ya risasi katika sufuria ya chuma ambayo Arlys alipewa na mama yake.

"Verlin, hiyo sufuria ni ya jemu."

"Ilikuwa," marehemu akajibu, na ndivyo ilivyokuwa, kwa maana chombo kilichopikiwa risasi hakirudi tena jikoni. Waliishi kwa upendo miaka hamsini na mitatu, hadi Arlys alipotangulia mwaka 2015.

Wengi waliofika leo walimfahamu kwa bunduki za kale, zile za kukokiwa kwa wenzo, na kwa risasi alizozitengeneza mwenyewe. Alikusanya vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu, akaviyeyusha kwa bati kidogo, akamimina katika kalibu. Kila risasi aliitoa na pua bapa, maana katika mrija wa bunduki hizo risasi hulala moja nyuma ya nyingine, na pua kali ingeweza kugonga fataki ya mwenzake na kuilipua. Alizipaka nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Maganda aliyapanga kwenye ubao wa matundu hamsini, safu tano za kumi kumi, akayatia baruti, kisha akayamulika kwa tochi moja moja kuona kama baruti imelingana kabla ya kuyafunga. Alipotia baruti, hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsemesha.

Katika klabu yetu ya walenga shabaha kuna mwiko: usipige risasi iliyojazwa na mkono wa mwingine. Clete Rademacher, dereva wa basi la shule na rafiki wa marehemu tangu darasa la kwanza, aliuvunja mwiko huo kwa ajili ya mtu mmoja tu. "Za Verlin nazipiga hata mama mkwe akiwa kando yangu," alikuwa akisema.

Hapa Merna, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayewasomea, angependa kuruka moja kwa moja hadi kwenye ugonjwa. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio ndicho hiki.

Alhamisi tarehe 13 Agosti 1987 marehemu alikuwa amekwisha kuzitia baruti safu tatu simu ilipolia. Alipiga Merna. Gari lake lilikuwa limezimika njiani, naye akamharakisha kaka yake kama kawaida yake. Verlin alikwenda, akalitengeneza, akarudi amechoka, akaanzia safu ya tatu badala ya ya nne. Baruti ya kisasa ni kidogo sana ndani ya ganda kubwa la kale, hata ukiitia mara mbili haimwagiki. Siku hiyo hakumulika kwa tochi. Risasi ishirini kati ya zile hamsini alimpa Clete.

Jumamosi, kwenye mashindano, bunduki ya Clete ilipasuka, na jicho lake la kulia likapotea. Jumapili Merna alipeleka mkate wa kumshukuru kaka yake kwa kumtengenezea gari, akamkuta bandani akizifungua risasi thelathini zilizobaki na kupima baruti yake.

"Funga mlango, Merna."

"Kaka, nini hiyo?"

"Safu ya tatu. Niliijaza maradufu. Tisa hizi hapa. Ya kumi ilikwenda kwake."

"Utamwambia lini?"

"Akitoka hospitali."

Clete alitoka hospitali Septemba. Alikuja klabuni na kitambaa usoni, akawaomba watu radhi kwa kuleta bunduki mbovu ya babu yake na kuhatarisha maisha yao. Verlin alikuwa amesimama pale na kikombe cha kahawa. Merna alikuwa pembeni yake. Wote wawili walinyamaza. Clete alinyang'anywa leseni ya basi, na baba yake akafa akiamini kuwa mwanawe aliiacha bunduki ya ukoo ikaliwa na kutu. Kila vuli marehemu alimpelekea kuni, na kila vuli Clete alimshukuru. Aibu hiyo Merna aliijua na kuila pamoja naye kwa miaka thelathini na mitano.

Marehemu aliugua mapafu kuanzia Oktoba 2022. Wiki ya mwisho alimwambia dada yake, "Daftari nilimoandika yote limo kwenye kabati la baruti. Mwambie Clete."

"Mwambie wewe."

"Siwezi. Nimejaribu kila vuli."

Alifariki nyumbani tarehe 14 Aprili 2023.

Jumanne Merna alimpelekea Clete daftari pamoja na karatasi hii kabla haijachapwa. Clete alisoma polepole, akarudia ukurasa wa Agosti mara mbili. Merna alijiandaa kutukanwa, na angestahili.

"Na wewe ulijua," Clete akasema.

"Nilijua."

"Kila mwaka ukiniletea zile chapati za viazi za Krismasi, ulijua."

"Ndiyo, kaka Clete."

Alilifunga daftari, kisha akasema atakuja kuzika lakini jeneza hatabeba. Ndiyo sababu wabebaji leo ni watano badala ya sita. Akataka kitu kimoja, kisomwe mbele ya watu wale wale wa klabu. Tunakisoma: bunduki ile ilikuwa ya Anselm Rademacher, babu yake Clete, ilitunzwa vizuri na wanaume watatu wa ukoo wake, wala haikuwa na kosa lolote.

Marehemu ameacha dada mmoja, Merna. Binti, Jolene, na mumewe. Na wajukuu wawili, Tessa na Orrin.

Mungu ampumzishe. Amani tunamwombea kwanza Clete.